Krimu ya Mama Neema

Jamani, nichekeni tu. Mwenyewe nimejicheka hadi nimechoka.

Siku hizi kompyuta za mitumba zimejaa Arusha, nami kwa cheti cha kozi ya wiki mbili nimefungua kibanda Kaloleni. Bingwa mzima! Juzi Mama Neema, mchapaji wa barua za watu, aliniletea yake iliyokuwa ikichemka na kuzima.

Nilipoifungua nikakuta prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imegandiwa na uchafu mkavu kama ukoko. Nikausugua kwa pamba na spiriti mpaka ikang'aa, huku nikiwasonya mafundi wanaoacha uchafu mahali pa heshima vile. Nikafunga.

Kwenye mfuko alioletea mashine kulikuwa na kityubu cha krimu ya kijivu. Mama wa watu! Kumbe ameona midomo yangu ilivyopasuka kwa baridi hii ya Julai. Nikajipaka, iliyobaki nikamalizia visigino.

Jioni akaja. Mashine ikawaka, ikachemka, ikazima.

“Fundi, ile krimu ya kupoza prosesa, badala ya ya zamani iliyokauka, umeipaka?”

“Krimu ipi, mama?”

Akanitazama midomo, inang'aa kama sufuria mpya.

“Basi usiitafute, baba. Nimeshaiona.”

Nikavuta miguu chini ya meza. Visigino alikuwa bado hajaviona.