Tuzo ya Kujikabidhi

Mama Vifungo, fundi cherehani, alikuwa mkweli wa kukuambia usoni kwamba umenenepa. Uongo wake ulikuwa mmoja tu: alimwambia kila mteja kwamba binti yake anasomea sheria chuo kikuu. Binti alikuwa anasoma Kilatini na Kiyunani, na mama aliona haya. Angeanzaje kusema kwamba mtoto aliyemsomesha kwa jasho lake anajifunza lugha ambazo wenyewe walishakufa? Hasa hakutaka wifi yake ajue, maana wifi akijua, mtaa mzima umejua.

Basi binti akapata tuzo ya Idara ya Lugha za Kale. Wifi alisikia neno tuzo tu, akadhani ni ya sheria, akajialika kwenye sherehe.

Tuzo yenyewe ilikuwa sanamu ya plasta ya kichwa cha mwanafalsafa, pua imemeguka. Desturi ya idara ni kwamba mshindi wa mwaka jana amkabidhi wa mwaka huu mkono kwa mkono, na kichwa kisiguse meza. Tatizo, mshindi wa mwaka jana alikuwa binti huyuhuyu, na idara nzima haikuwa na mwanafunzi mwingine. Wenzake wote walishahamia masomo ya biashara. Kamati ilikaa vikao, ikanywa chai, ikaamua kwamba desturi ni desturi, ajikabidhi.

Siku ya siku, profesa, suti ikimpwaya, alitangaza kwa madaha kwamba ushindani mwaka huu ulikuwa mkali. Binti akapanda jukwaani amekumbatia kichwa. Akakinyoosha kushoto, hapana mtu. Akakinyoosha kulia, hapana mtu. Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa kujizuia, kisha waziwazi.

"Zunguka nyuma, mwanangu," profesa akamnong'oneza, "uingie kwa mlango ule kama mtu mwingine." Kipaza sauti kikayabeba yote.

"Wifi," wifi akauliza, "ndiyo sheria hii?"

Mama Vifungo alikuwa anamtazama mwanawe: machozi yanamlenga, na lile dude zito bado kifuani. Uchungu ukamshika. Akavua viatu vilivyokuwa vinambana, akapanda jukwaani peku.

"Nipe mimi."

"Mama, kamati imesema..."

"Kamati ndiyo iliyokuzaa? Lete!"

Akakipokea, akakifuta vumbi kwa ncha ya mtandio, akamrudishia kwa mikono miwili. "Haya, mshindi. Hongera, mwanangu." Profesa hakujua apige makofi au aitishe kikao. Akapiga makofi.

Jumatatu wifi aliwahi dukani kwa Mama Vifungo, akangoja wateja wajae, ndipo akauliza, "Hivi wifi, mwanao anasomea nini vile?"

Mama Vifungo akatoa pini mdomoni, moja moja.

"Anasoma lugha za watu waliokufa," akasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Na tuzo yake nimemkabidhi mimi."