Letisia na Jeti Iliyolala Chali

Kijiji kizima cha Basotu kinamfahamu Letisia Bura kwa picha anazopiga za ubatizo, kipaimara na harusi. Lakini kinachomsisimua hasa ni ndege. Ilianza siku ndege ya kunyunyizia dawa ya kwelea kwelea ilipopita chini chini juu ya mashamba ya ngano. Letisia alimwacha bibi harusi amesimama na maua yake, akakimbia na kamera mpaka ukingo wa shamba. Bahati yake, bibi harusi alikuwa wifi yake.

Mwaka jana redio ilitangaza maonyesho ya ndege Dodoma: jeti zingecheza angani. Mumewe Gidamis, baba wa binti yao Judith, mfugaji ambaye hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko trekta, akasema, "Twende wote. Ng'ombe atawachunga kaka."

Uwanjani watu walikuwa wengi na jua kali. Jeti ya kwanza ilipopita, Letisia aliinua kamera kule mngurumo ulikotokea, akabonyeza mara ishirini. Alipotazama kioo cha kamera, akakuta mbingu tupu na kofia ya jirani. Ya pili ikawa vilevile. Akaketi kwenye nyasi, machozi yakimlengalenga.

"Safari yote hii, Baba Judith, nimepiga picha za hewa!"

Gidamis alichuchumaa karibu naye. "Unafuata sauti. Sauti inabaki nyuma, kama vumbi la ng'ombe. Ukitafuta ng'ombe, utamkuta kwenye vumbi?"

"Yuko mbele."

"Basi simama."

Gidamis akasimama nyuma ya mkewe, akamshika mabega. Macho yake yamezoea kutafuta ndama aliyepotea ng'ambo ya mbuga. Aliona nukta juu ya kilima kabla watu wengine hawajageuka, akamzungusha mkewe taratibu.

"Inakuja. Kimya kimya. Ngoja... ngoja... sasa!"

Letisia akabonyeza, akageuka pamoja na jeti bila kuiachia. Ikajipindua, ikapita imelala chali, rubani kichwa chini, ndipo mngurumo ukawafikia na kuwatikisa vifua. Safari hii jeti ilikuwemo yote pichani, hadi kofia ya rubani. Letisia alicheka, akamkumbatia mumewe mbele za watu, jambo ambalo Gidamis bado analisimulia kwa aibu kidogo.

Waliporudi, picha ilisafishwa kubwa, ikapelekwa kwa mama yake Gidamis.

"Shikamoo, mama," Letisia alisalimu.

"Marahaba, mwanangu." Bibi aliitazama picha, kisha akaigeuza. "Mlikuwa mmeishika vibaya."

"Hapana, mama. Ndivyo rubani alivyoruka, kichwa chini."

"Na mama yake anajua?"

Bibi akaitundika sebuleni, rubani akiwa ameketi vizuri. Letisia akienda kumsalimia huigeuza ilivyopigwa. Kesho yake, bibi humrudisha kijana wa watu akae sawa.