Jina Alilobeba Mutethia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuumba mwili wa mwanadamu kiungo kwa kiungo, kisha akampa mwanadamu huyo ulimi wa kukiita kila kiungo kwa jina lake. Namshukuru kwa pumzi, kwa macho ambayo bado yanasoma, na kwa magoti haya ambayo, ingawa yananung'unika, hayajakataa kunifikisha msikitini.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, siku ya kliniki ya watoto. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, msimu wa kuchuma kahawa. Nilikuwa muuguzi mpya katika zahanati ndogo upande wa Githongo. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, mjini Meru. Baba yangu alikuwa muuza nyama, na nilikaa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani kabla sijakaa kwenye dawati la shule. Lakini nilipopata cheti cha uuguzi nilisahau adabu zote mbili. Mtu akilalamika kichwa, nilimjibu kwa neno refu kuliko kichwa chenyewe. Mama yangu aliwahi kuniuliza, "Zainabu, ulikwenda kusomea kutibu watu au kuwatisha?" Nikacheka. Debe tupu, mwanangu, haliachi kuvuma, na mara nyingi halijui kwamba ni tupu.

Asubuhi hiyo mabenchi yalijaa akina mama, na watoto walikuwa wakipimwa mmoja mmoja kwenye mzani wa kuning'iniza. Akaja mama kijana aitwaye Karimi. Mgongoni alikuwa na kichanga cha wiki chache, na mikononi alikuwa amembeba mtoto wake wa kwanza, Mutethia, wa miaka miwili hivi. Mashavu ya Mutethia yalikuwa ya mviringo. Mtu asiyejua angesema amenona.

"Sista," Karimi akaniambia, "hii mtoto imekuwa nzito, lakini haichezi. Inakaa tu."

Sikumsalimu. Nilibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole, na shimo likabaki pale pale. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyekundu kama kutu, na ngozi ilikuwa ikibambuka. Nilijua ninachokiona, nilikuwa nimekifanyia mtihani. Furaha ya kujua ikanipanda kichwani, nikasema kwa sauti ambayo benchi la nyuma lilisikia:

"Mama, hii ni kwashiakoo! Kwashiakoo kabisa. Kwani humlishi huyu mtoto?"

Akina mama wale walikuwa wamelisikia neno hilo kwenye mikutano ya afya na kuliona kwenye picha ukutani. Hawakujua asili yake, na mimi pia sikuijua. Kwao lilikuwa na maana moja tu: mama anayekula huku mtoto akiangalia.

"Ai! Na ile ndizi yote iko kwao?" mmoja akasema.

"Labda ile njahi ya mzazi anakula akijifungia mlango," mwingine akamjibu, na benchi zima likaangua kicheko.

 Karimi alichukua kadi ya mtoto mezani pangu, akakaza kanga ya kichanga, akamwinua Mutethia, akatoka. Nilimwita mara mbili. Hakugeuka.

Tulikuwa na mkuu wa zahanati, mzee M'Ikiara, ambaye watu wote walimwita Daktari. Alikuwa mzee wa kanisa, mpole, mpenda chai, na alikuwa amebakisha miaka michache tu astaafu. Saa ya chai alipitisha macho kwenye rejista, kidole chake kikasimama.

"Huyu Mutethia yuko wapi?"

"Ameenda, Daktari. Mama yake ni mkaidi."

Akaweka kikombe chini. "Zainabu, mtoto aliyevimba hivi, asipotibiwa, unafikiri ana siku ngapi?"

Nikaanza kupanga kadi zilizobaki mezani.

"Ulimwambia mama yake nini?"

"Ukweli. Kwashiakoo."

"Na neno hilo maana yake nini?"

"Ukosefu wa protini, Daktari."

"Hiyo hata mimi nilisoma. Nakuuliza neno lenyewe. Ni nani alilisema kwanza, na alikuwa akiangalia nini?"

Nilidhani ni Kizungu au Kilatini, nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa.

"Ni la akina mama wa Ghana, upande wa Accra. Daktari mmoja aliyefanya kazi kule aliona watoto wamevimba kama huyu wako. Akafanya jambo ambalo wewe leo hukulifanya: akawauliza akina mama. Wakamwambia jina wanalouitia, kwamba ni ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Basi likaingia vitabuni hivyo hivyo. Umesikia mahali popote likisema mama ni mchoyo? Wahenga husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika nyumba ile mgeni amekuja na mwenyeji anazimika, nawe umemtukana mama wa wote wawili."

Mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu lingepona kabla ya Ijumaa.

"Nenda ukamlete," akasema. "Na ukifika, usitangulize mdomo. Tanguliza salamu."

Nilipanda kilima katikati ya mibuni, nikiulizia kwa wachumaji. Sikuogopa kufukuzwa. Niliogopa kukuta watu wamekusanyika uani.

Sikukuta watu. Nilimkuta mama mkwe wa Karimi jikoni, mbele ya chungu cha njahi, yale maharagwe meusi ambayo huku milimani hupikiwa mwanamke aliyejifungua ili damu irudi na maziwa yashuke. Mutethia alikuwa amelazwa juu ya gunia karibu na mlango, mkononi ana kipande cha ndizi ya kuchemsha alichokimega mara moja tu.

"Muga," nikamsalimu kwa Kimeru changu cha mjini.

Mama akanitazama toka viatu hadi kitambaa cha kichwa. "Wewe ndiye ile nesi ya matusi?"

"Ndiye mimi, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Basi keti. Matusi tulishasikia, sasa tusikie hiyo ingine."

Karimi akatoka chumbani na kichanga. Nilimwomba radhi mbele ya mkwewe, maana nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu. Kisha nikawaeleza neno lile lilikotoka, kama nilivyoelezwa saa moja iliyopita, bila kuongeza madoido.

Karimi akakiweka kichanga mapajani. "Hao wamama wa Ghana," akauliza, "mimi walinijulia wapi?"

Ndipo akalia, na katika kulia akasema yote. Siku ile mimba ya pili ilipojulikana, Mutethia aliachishwa titi siku hiyo hiyo, kwa kuwa husemwa maziwa ya mwenye mimba humharibu anyonyaye. Akahamishiwa kitanda cha nyanya yake. Chakula chake kikawa ndizi na uji mwepesi, asubuhi na jioni. Na kichanga kilipozaliwa, chungu cha njahi kikapandishwa jikoni, lakini hicho ni cha mzazi. Mtoto akikikaribia huambiwa aende akacheze. Maharagwe mazuri kuliko yote yalikuwa hatua tatu kutoka kwenye gunia lile, mwanangu, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

"Mimi sikumnyima," mama mkwe akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi pia nilifanyiwa hivyo, na mama yangu alifanyiwa hivyo." Akakitazama chungu, akamtazama mjukuu. "Sasa hiyo ni ugonjwa ya mtoto kufukuzwa?"

"Ni ya kufukuzwa kwenye chakula, mama."

Akachota njahi palepale, akainuka ampe. Nilimzuia kwa adabu, nikamweleza kwamba tumbo lililochoka vile halijazwi kwa siku moja, na kwamba mtoto anahitaji hospitali kubwa kwanza, leo hii. Karimi akaanza kutafuta kanga ya kumbebea.

"Wewe beba huyo mdogo," mkwewe akamwambia. "Mutethia nitambeba mimi. Ni mimi nilimtoa kwako."

Wakashuka mjini kwa pikapu ya maziwa, nami nikiwa nao, na nyanya hakukubali mtu ampokee mtoto njia nzima.

Siku za kwanza wodini tulimwachia Mungu. Alikuwa akipewa maziwa kidogo kidogo, kwa kijiko, na nyanya akihesabu vijiko kwa midomo kama mtu aombaye. Juma la pili uvimbe ukashuka, mbavu zikaonekana, na nyanya yule akapiga kelele wodi nzima ikasikia: "Mumemkondesha! Nilileta mtoto, mnanirudishia kuni!" Mzee M'Ikiara, aliyekuwa amekuja kuwajulia hali, akacheka hadi akashika kitanda. "Mama, yaliyoondoka ni maji. Mtoto ndiye amebaki." Siku chache baadaye Mutethia akatupa kikombe sakafuni kwa hasira kwa sababu kilikuwa tupu. Nilisema Alhamdulillahi, na mzee akasema Bwana asifiwe, na nyanya akasema tumletee kingine.

Tangu hapo saa ya chai ikawa darasa. Nilijifunza kwamba malaria, kwa lugha lilikotoka neno hilo, ni hewa mbaya, kwa kuwa watu wa zamani waliona wanaoishi karibu na vinamasi wakiugua, wakailaumu harufu, na mbu akiwapita masikioni akiimba. Hata jina laweza kukosea, akasema mzee, kwa hiyo usiliabudu. Nikajifunza kwamba jina la Kizungu la chanjo limetokana na ng'ombe, kwa sababu chanjo ya ndui ilianzia kwenye ugonjwa wa ng'ombe. Siku moja nami nikamfundisha: saratani, kwa Kiarabu, ni kaa, yule mnyama wa majini mwenye makucha.

"Kaa!" akapaza sauti, akapaliwa na chai. "Hata Wazungu waliuita ugonjwa huo kaa! Waliona uvimbe umetupa mishipa yake huku na huku kama miguu. Kumbe, Zainabu, Majengo mlikuwa na dawa na hamkuniambia."

Niliona kwamba maneno yale niliyokuwa nikiyarusha kama mawe yalizaliwa na watu waliokaa karibu na mgonjwa, wakatazama, wakasema walichokiona kwa lugha ya nyumbani kwao.

Karimi alirudi kliniki mwaka uliofuata, Mutethia akikimbia mbele yake. Benchini alikuwepo msichana mjamzito aliyempakata mtoto wa mwaka mmoja anayelilia titi, naye akimsukuma mkono. Karimi akaketi karibu naye, akalitaja lile jina bila haya, akamweleza lilikotoka na alivyokaribia kumzika mwanawe kwa kufuata desturi. "Usimkate ghafla," akamwambia, "na ukipikiwa njahi, mpondee ale. Waambie nimesema mimi." Nikaendelea kupima watoto. Alikuwa ameshasema yote, na wenzake walikuwa wakimsikiliza kuliko walivyowahi kunisikiliza mimi.

Basi nasaha yangu ni hii, wewe unayesomea udaktari, uuguzi, au kazi yoyote yenye maneno makubwa. Kabla hujalitamka jina la ugonjwa, lifungue ujue waliolisema waliona nini. Msalimu mtu kabla ya kumgusa, muulize kabla ya kumhukumu, na umpe maneno anayoweza kuyabeba hadi nyumbani na kuyaweka mbele ya mkwewe. Elimu inayomrudisha mgonjwa nyumbani kwa aibu bado haijaiva. Na ukikosea, kama nilivyokosea, panda kilima siku hiyo hiyo. Usingoje kesho, kwa kuwa kesho si mali yako.

Mwenyezi Mungu akupe wewe usomaye haya ulimi laini na sikio refu. Akuweke karibu na wanyonge bila kuwadharau. Kila mtoto atakayeletwa mbele yako amrudishe kwao akiwa na miguu ya kukimbilia. Amin.