Roho Elfu Nane na Kikombe cha Choroko

Kaka yangu alianguka kutoka mkarafuuni katikati ya msimu. Hospitali wakamrudisha nyumbani Wambaa na plasta kutoka nyongani hadi vidoleni, wakasema asikanyage miezi mitatu. Wiki ya kwanza ukumbi ulijaa watu. Wiki ya pili walikuja majirani wa karibu. Ya nne alibaki mmoja tu, binamu yetu, mtoto wa mjomba, mwalimu wa skuli ya msingi. Alipita kila siku baada ya sala ya alasiri na kuondoka kabla ya maghribi, kwa kuwa usiku alisomesha Kurani chuoni. Siku asipokuja, kaka aligeukia ukuta, na sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka.

Mama aliniita uani. "Tafuta la kumfanya binamu yako asichoke kuja," alisema. "Huyu akikatika, sijui nitamlisha vipi kaka yako."

Sikuwa na kazi. Nilikuwa nasubiri matokeo ya mtihani, na mchana wa mtu anayesubiri ni mrefu kama ufuko wakati maji yametoka.

Kaka alikuwa na daftari. Alipokuwa akisoma Unguja alilala dahalia moja na kijana aliyekuwa na sanduku la mchezo wa vita: askari wadogo wa plastiki, dadu mbili, na kanuni ambazo kaka alizinakili zote. Kila askari alikuwa na roho kumi. Ukipigwa, dadu ilisema roho ngapi zinatoka. Zikiisha, umekufa.

Tuliweka ubao juu ya kigoda kando ya kitanda, na vizibo vya soda vikawa askari, kumi kwa kumi.

"Roho kumi?" binamu aliuliza. "Hata paka ana saba."

"Wewe cheza," kaka alisema.

Alicheza, akashinda, akapiga miayo. "Vita gani hivi vya watu kumi? Huu ni ugomvi wa foleni ya unga. Nipeni jeshi, yakhe."

Ndipo kazi yangu ilipoanza. Niliamua kila kizibo kiwe kikosi cha watu mia, vikosi vinne kila upande. Watu mia, roho kumi kila mmoja: roho elfu moja kwa kizibo, elfu nane ubao mzima. Nilizitoa kwa penseli, sita hapa, tatu pale. Baada ya alasiri tatu, kikosi kilichopigwa sana kilikuwa bado na roho mia tisa, na binamu alikuwa akitazama mlango zaidi ya ubao.

Nikazidisha mapigo mara mia. Hesabu ikarudi ile ile ya roho kumi, na sifuri za bure nyuma yake. Kikosi kilikuwa kizima, kisha hakipo, kama taa iliyozimwa.

"Watu mia hawafi kwa mpigo," kaka alisema. Alisema kweli. Nilihitaji jeshi linalopungua kama maji mtungini, ambalo mtu angeliona kwa jicho, bila penseli, na vita viishe kabla ya adhana.

Siku ya mwisho ya Ramadhani mama alipima mchele wa fitri, zaka ya kuwapa maskini kabla ya Idi. Pishi, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu wa nyumba, mkubwa na mtoto, na kaka na plasta yake. Nilishika gunia, nikatazama kibaba kikizama na kupanda. Mtu mzima, na maisha yake yote, alipimwa kwa chombo, na hakuna aliyehesabu punje.

Usiku huo sikungoja kuche. Niliandika: "Kila kikosi kipewe kikombe kimoja cha choroko." Kikombe cha kahawa, kile kisicho na mkono, kilichukua vijiko kumi na viwili vya chai. Unarusha dadu mbili, na ile kubwa ndiyo idadi ya vijiko anavyotoa adui. Kikombe chako kikishuka chini ya nusu, unarusha dadu moja tu. Kikibaki robo, waliosalia wanakimbia.

"Msinimwagie askari sakafuni," mama alituambia. "Kesho nawapika kwa nazi."

Vita viliisha kabla ya adhana. Binamu alikuja siku tisa mfululizo, na kaka alikula siku tisa. Lakini binamu akawa anashinda, kisha anashinda tena, na siku ya tisa kaka aliinua shingo akatazama upande wa pili wa ubao.

"Vikombe vyako vimevaa vilemba."

"Vimejaa."

"Vimejaa vikapita. Kikombe hufutwa."

"Hufutwa cha kupikia. Hizi ni roho za watu. Fitri, shangazi huifuta?"

"Mwalimu mzima, unaiba choroko."

Wao ni watani, na wamewahi kuitana mabaya kuliko hayo. Ila hili lilitoka bila kicheko. Binamu alivaa kofia yake. "Basi cheza na ukuta," akasema, akaondoka.

Nilisoma tena mwandiko wangu. Kikombe kimoja. Sikuandika cha mfuto wala cha tele. Nyumbani kwetu kinachoingia chunguni hupimwa mfuto, kiganja kinapita juu. Kinachokwenda kwa watu hupimwa tele, hadi kimwagike. Nilichukua wazo kwenye fitri, nikaliandika kwa akili ya jikoni. Nikapima kilemba: vijiko vitatu. Kwa vikombe vinne, binamu alikuwa na kikosi kizima cha tano, na hakuwa ameiba.

Hakuja siku tatu. Siku ya tatu kaka aliongea na ukuta: "Mpelekee daftari. Aandike yeye."

Nilimkuta nje ya darasa, vidole vimejaa chaki.

"Kasemaje?"

"Uandike wewe."

"Kasema mimi mwizi."

"Hilo hakulirudia."

Alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Kisha akaomba kalamu, akaandika: "Anayelinda mji hupimiwa tele, kwa kuwa yuko kwao. Anayevamia hupimiwa mfuto."

Alasiri ile alikuja, akatoa salamu, ikaitikiwa. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Alichagua kuvamia, akapima vikombe vyake vinne na kufuta kila kimoja kwa ukingo wa kiganja. Kaka alijaza vyake mpaka choroko zikamwagika juu ya shuka. Haikupita saa nzima, kikosi cha mwisho cha binamu kilikuwa chini ya robo, kinakimbia.

"Askari wako waoga," kaka alisema.

"Wana akili, yakhe. Wamekuja kuteka mji, wamekuta mtu na plasta."

Mama alileta sahani, na kaka akala bila kuitazama. Binamu alikuwa ameshamimina choroko zote bakulini. Alikuwa akipima upya, tele, kwa kuwa sasa zamu ya kulinda ilikuwa yake.