Sala ya Viatu Miguuni

Saa moja asubuhi, pikipiki ya abiria inamshusha Wivine Kapinga kando ya machimbo, nje kidogo ya Kolwezi, kusini mwa Kongo. Wachimbaji vijana wamesimama duara, vichwa vimeinama, wanasali kabla ya kushuka shimoni. Hakuna anayemsogelea. Wote wamevaa viatu.

Zamani walivivua. Kila asubuhi walivipanga kwenye mdomo wa shimo, wakasali miguu peku. Ardhi inayoweza kukumeza, walisema, huikanyagi na viatu mbele ya Mungu.

Wivine, ambaye babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, yuko mwaka wa nne wa shahada ya uzamivu. Anachunguza usalama, dini na siasa za kimataifa: mataifa makubwa yanapogombea kobalti, nani anamlinda anayeichimba?

"Wote walinipa jibu moja," anasema. "Sala."

Mwezi Machi aliwasilisha utafiti wake ukumbini, mtaa wa Manika, mjini. Alificha majina, akaficha na mahali. Lakini vile viatu alivieleza, tena kwa upendo. Mkuu wa walinzi wa machimbo alipiga makofi kuliko wote, akamshika mkono. "Madame, umetufundisha mengi."

Wiki iliyofuata, walinzi, ambao huwasaka wachimbaji wasio na kibali, walikuja wakati wa sala. Mtu peku hafiki mbali juu ya mawe yaliyopasuliwa. Saba walikamatwa. Josias Nkulu aliponyoka, lakini kisigino kilichanika, kikaoza. Leo anatembea kwa fimbo.

"Mlango niliwaonyesha mimi," anasema Wivine.

Wachimbaji wamempa jina: Profesa wa Polisi. Wanalitamka bila kucheka.

Anayempa kigoda ni Mama Ntumba, muuza bukari, ugali wa huku, mama yake Josias. Anamnawisha mikono, anamchagulia kipande cha samaki kisicho na miiba.

"Mama, mi siwezi kula kwako."

"Kula. Kasirani yangu iko, haiendi fasi ingine. Njaa yako haikunikosea."

Msimamizi wa tasnifu yake, chuoni Lubumbashi, amemwonya: bila sura ya viatu tasnifu itabaki gofu, na shahada itachelewa. Wivine ameiondoa hata hivyo. Anataka kuanza upya, safari hii na walinzi.

"Nao ni watu wa kanisa," anasema. "Nitawauliza asubuhi ile walisali nini kabla ya kutoka nyumbani."

Mama Ntumba anakusanya sahani, anatazama kule kwenye duara, viatu miguuni mwa vijana.

"Siku utaona bilatu chini, mwanangu, utajua batoto bamekusamehe," anamwambia. "Tena usiambie muntu."