Jua la Chunya

Bibi yake ndiye aliyemleta, Januari, siku shule zilipofunguliwa, mvua ikiwa imeacha tope mpaka mlangoni mwa darasa. Nilikuwa mwalimu wa awali katika shule moja ya Ilomba, Mbeya, na asubuhi ile watoto walikuwa wanalia kila upande. Mmoja alikuwa kang'ang'ania nguzo ya mlango, mwingine kalala chini kumgomea baba yake. Huyu hakulia. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na kofia ya kufuma iliyomfunika masikio, na chini ya kofia macho yake yalikuwa na umanjano ambao kwanza nilidhani ni mwanga tu wa asubuhi.

Bibi alikuwa anauza khanga na vitenge sokoni. Baba yake mzazi alikuja Mbeya kutoka pwani, akaoa, akabaki, na ingawa bibi mwenyewe hakuwahi kuishi huko, alirithi Kiswahili chao cha taratibu, si kama sisi tuliokulia Kihesa, Iringa, tukiongea Kihehe nyumbani na Kiswahili shuleni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniomba tusogee pembeni.

Alinieleza kwamba mjukuu wake ana miaka mitano na ana ugonjwa wa selimundu. Amezaliwa nao. Damu yake, alisema, inajikunja kama mundu na kukwama njiani, na ikikwama anapata maumivu ambayo hata mtu mzima angelia. Mama wa mtoto, binti yake, alikuwa Chunya, anawapikia wachimbaji wadogo wa dhahabu. Baba alifuata dhahabu nyingine mahali pengine na hakurudi. Mtoto aliletwa Mbeya kwa sababu ya kliniki, maana kule Chunya kila safari ya hospitali kubwa ilikuwa vumbi na siku nzima.

"Kule kuna joto lakini kliniki iko mbali," bibi aliniambia. "Huku kliniki ipo, ila kuna baridi. Baridi ndiyo adui yake. Tukapima, tukachagua kliniki."

Akaniachia masharti machache: anywe maji mara kwa mara, asilowe, asikimbie mpaka akachoka, na akipata homa, hata ndogo, nimpigie simu palepale. Niliyashika yote kichwani. Kisha nikamshika mtoto mkono tukaingia ndani, na mkono ule ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni.

Nilijua magonjwa ya kawaida ya watoto, mafua, minyoo, upele, lakini huu nilikuwa nimeusikia tu. Nilikwenda kuuliza kwa muuguzi wa zahanati iliyokuwa jirani na shule, naye akaniongezea mengi. Nikahamisha mkeka wa mtoto kwenye dirisha la mashariki, ambako jua liliingia mapema. Sikutaka awe peke yake anayekunywa maji huku wenzake wakimtazama, basi nikaweka saa ya maji kwa darasa zima. Kila baada ya kipindi, kikombe. Matokeo yake darasa zima likawa linaomba kwenda chooni, na mwalimu wa darasa la kwanza, aliyepakana nasi, alinilalamikia kuhusu misafara ile.

Mchezo ulikuwa mgumu zaidi. Watoto wa umri ule hujifunza kwa kukimbia, na huyu kukimbia hakuweza. Aliwatazama wenzake wakicheza kombolela akiwa amekaa kwenye ngazi, kofia yake kichwani, na hakuomba aingizwe. Mimi nilihangaika namna ya kumwingiza. Kumbe yeye alikuwa anatengeneza mchezo wake. Siku moja nilimkuta kwenye kona ya kujipikilisha, penye vyombo vya kuchezea, kajifunga kipande cha kitenge cheupe kifuani, mkononi ana kijiti, na mbele yake wamejipanga wagonjwa. Alikuwa daktari. Aliwauliza kila mmoja anaumwa wapi, akawasikiliza kwa umakini ambao sijawahi kuuona kwa mtoto wa umri wake, kisha akawadunga sindano kwa kile kijiti.

"Usitazame," aliwaambia. "Hesabu vizibo vya soda kichwani. Vikifika vitano, imeisha."

Wengi wao hawakuwa wamefika tano katika kuhesabu. Walijifunzia pale. Mimi nilikuwa nimeleta vizibo na magunzi ya mahindi na kuvipanga kwa mafungu, nikiimba nao namba kila asubuhi, lakini hesabu iliwaingia kwenye foleni ya sindano. Hakukubali kamwe kuwa mgonjwa katika mchezo ule. Wenzake walipotaka zamu, aliwapa zamu ya kuwa muuguzi, ya kuwa mama wa mgonjwa, ya kuwa dereva wa gari la wagonjwa. Udaktari aliubakiza kwake.

Wahudumu wa afya walipokuja shuleni na chanjo, niliogopa fujo, maana mwaka uliotangulia watoto walikimbilia mpaka barabarani. Safari hii yeye alitangulia, akakunja mikono ya sweta zote mbili, akageuza uso ukutani. Nilimwona midomo yake ikihesabu. Wenzake wakafuata mmoja baada ya mwingine, wengine machozi yanatiririka lakini wamesimama. Muuguzi aliniuliza nimewafundishaje. Nilimwonyesha yule mtoto.

Si kila kitu kilikuwa chepesi. Baba mmoja alikuja kuniomba mtoto wake ahamishwe mkeka, kwa kuwa amesikia ugonjwa ule unaambukiza. Nilimweleza kwamba ni wa kuzaliwa, hauambukizi, na hauhusiani na uchafu wala uchawi. Alinisikiliza kwa heshima, akaondoka, lakini mtoto wake hakuletwa kwa muda. Bibi alikuja kujua. Kwenye kikao cha wazazi alisimama, akajifunga khanga vizuri, akasema mjukuu wake ana maumivu ya kwake mwenyewe na hana ya kumgawia mtu. Akakaa. Baba yule aliinamisha kichwa, na asubuhi iliyofuata mtoto wake alikuwa kwenye foleni ya daktari.

Mwezi wa tano baridi ilianza kushuka kutoka milimani. Asubuhi ukungu ulikuwa unakaa uwanjani mpaka saa ya uji. Mtoto aliongezewa sweta ya tatu. Siku moja, tukiwa tunachora, penseli ilimdondoka, na nilipomtazama nikaona kajikunja, mikono kaipeleka mgongoni, meno kayabana. Hakupiga kelele. Nilimbeba mgongoni kwa khanga yangu, nikamwachia mwenzangu darasa, nikampigia bibi simu, tukakutana hospitali. Njiani nilisikia sauti yake shingoni mwangu, ndogo sana, anahesabu. Alipita tano, akapita kumi, akafika mahali ambapo namba zake ziliishia, akaanza tena moja.

Alilazwa, akaongezewa maji na dawa, akarudi shule akiwa mwembamba zaidi. Kuanzia hapo bibi alikuwa analeta chupa ya chai ya tangawizi, nami nikimweka jirani na jiko la uji asubuhi, mpaka mpishi akamzoea na kumwita mkwe wake.

Likizo ya katikati ya mwaka ilipokaribia, mama yake alifika kutoka Chunya. Nilimwona kwa mara ya kwanza: msichana bado, usingemdhania mama, mikono imebabuka kwa moshi. Alimkuta mwanawe kavaa nguo kama mzigo, midomo imepauka. Alikuja shuleni na bibi, tukakaa watatu darasani kwenye viti vya watoto, magoti yametufika kifuani. Mama alitaka kumchukua kwa likizo. Alisema Chunya wakati huu kuna jua la kutwa, mtoto atavua hizo sweta, atacheza. Bibi alikumbusha kliniki. Mama akasema tarehe ya kliniki iko mbele, watakuwa wamesharudi, na dawa zake zote atazibeba. Wakazungumza kwa upole, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi, kwa sababu wote wawili walikuwa na haki. Mwishowe bibi alisema baridi ya Mbeya imemshinda, hawezi kumkinga mtoto nayo, basi aende akaote jua la mama yake.

Siku ya kufunga shule mtoto alizunguka darasani akiwaaga wagonjwa wake. Aliwaambia atawafungulia hospitali tena akirudi. Mimi aliniambia, "Madamu, kule sivai kofia."

Kule alifurahi. Mama yake alinisimulia baadaye. Alivua sweta siku ileile, akacheza na watoto wa majirani kwenye vumbi, akala vizuri, akalala bila kuamka kwa maumivu. Alinenepa kidogo. Kisha akapata homa. Malaria, ambayo kwetu kwenye baridi ni nadra, kule kwenye joto haina likizo, na kwa damu kama yake ni moto kwenye nyasi kavu. Mama hakuchelewa. Alimkimbiza hospitali ya kule saa ileile alipomgusa paji la uso. Walimpima, wakampa dawa, wakatafuta damu ikapatikana, wakamwekea. Damu yake mwenyewe iliendelea kuisha mwilini upesi kuliko ile iliyoingia. Alifariki mchana, mama akiwa kamshika mguu kwa sababu mikono yote ilikuwa na mirija.

Alizikwa Chunya siku hiyohiyo. Bibi, aliyeanza safari mara aliposikia mtoto kalazwa, aliwahi mazishi. Mimi habari ilinifikia jioni, nikiwa Kihesa kwa mama yangu, ninasaidia kupukuchua mahindi. Mama yangu aliniona nimesimama na simu, akaniuliza kwa Kihehe ni nani. Nilimjibu ni mwanafunzi wangu. Akavuta gunia, akanikalisha.

Nilirudi Mbeya kabla ya shule kufunguliwa na nikaenda kuhani Ilomba. Mimi ni Mlutheri, sikujua vizuri taratibu za nyumba ile. Nilijifunika khanga kichwani, nikavua viatu, nikakaa mkekani na wanawake wengine, na walipoinua viganja kuomba dua nikainua vyangu. Mama wa mtoto alikuwa kaegemea ukuta. Aliponiona alisogea akakaa jirani yangu. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Nilimtafutia jua, mwalimu."

"Ulimtafutia," nilimwambia. "Na alilipata."

Akalaza kichwa begani kwangu, akalia kilio ambacho nadhani hakuwa amekilia mbele ya mama yake.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu mkuu aliniita. Alikuwa mtu mwema, na alinishauri kwa wema kwamba watoto wa awali hawaelewi kifo, niwaambie mwenzao amehama. Nilifikiria usiku kucha. Amehama, basi ataandika barua? Atakuja kutembea? Na wao wakihamishwa siku moja, watadhani wanapelekwa wapi? Asubuhi niliwakalisha kwenye duara nikawaambia kwamba mwenzetu aliugua sana, madaktari walijitahidi, lakini mwili wake ulishindwa na amefariki. Hatarudi. Hahisi baridi, hahisi maumivu.

Mmoja aliuliza kama amezikwa na kofia. Mwingine akauliza kama na yeye akishikwa homa atafariki, na nilimweleza kwamba watu wengi hupata homa wakapona, na kwamba ugonjwa wa mwenzetu ulikuwa wa aina yake. Mwanafunzi aliyekuwa muuguzi wake alitaka kujua sasa daktari ni nani. Nilisema tutaona, nikageukia ubao nikijifanya natafuta chaki.

Kwa siku nyingi kona ile ya kujipikilisha haikuguswa. Baadaye wakaanza kucheza msiba. Walimfunika mwanasesere kwa kitenge, wakambeba, wakakaa chini na kujifunika vichwa, mmoja akapika pilau la mchanga. Mwalimu mwenzangu alipowaona alitaka kuwakataza, akisema ni nuksi. Nilimwomba awaache. Nilikaa nao, nikapewa pilau, nikajifanya nakula. Hivyo ndivyo tulivyomzika sisi, ambao hatukuwahi mazishi. Na baada ya muda mchezo ule ukaisha wenyewe, kama kikohozi kinavyoisha, wakarudia kombolela.

Desemba tulifanya sherehe ya kuwaaga wanaokwenda darasa la kwanza. Wazazi walikuja wamependeza. Sherehe ikiwa imeshaanza nilimwona bibi anaingia getini na beseni la vitumbua kichwani. Mwalimu mkuu alinitazama, mimi nikamtazama, hakuna aliyejua la kufanya. Bibi alikwenda akakaa katikati ya wazazi, akapiga makofi kwa kila mtoto aliyeitwa, sawasawa kwa wote. Mwisho akawagawia vitumbua kwa mkono wake, akimuuliza kila mtoto hali yake. Nilipomfuata alisema tu kwamba alitaka kuwaona wamekuwa wakubwa kiasi gani.

Mwaka uliofuata nilihamia Iringa, kwa kuwa mama yangu alikuwa hawezi tena kukaa peke yake, na sasa nafundisha awali Kihesa. Sikukuu ya Idi nampigia bibi simu, Krismasi yeye hunipigia, na kati yake kuna siku hunipigia nikiwa shuleni. Huniuliza darasa langu lina watoto wangapi, kama wanakula uji, kama wana sweta. Namjibu yote. Kisha tunafika mahali ambapo maswali yake yanaishia, nami namsikia anavyopumua na nyuma yake watu wa sokoni wakibishana juu ya bei ya khanga, mpaka aseme, haya mwanangu, nenda kawaangalie watoto.