Tiketi Kwenye Kurasa

Daraja lilipofunguliwa pantoni iliondoka, lakini mkutubi wa Kigongo bado anashuka ziwani kila asubuhi na sanduku lake la vitabu. Analitua palepale abiria walipokuwa wakingojea kuvukia Busisi, anapangusa kitabu kimoja kimoja kwa ncha ya kanga, kisha anaketi. Zamani alivuka nao. Aliwaazima vitabu wakipanda, akavikusanya wakishuka, na kila msomaji aliandika jina lake kwenye tiketi ya pantoni akaiacha kwenye ukurasa alipoishia, aendelee nao safari nyingine. Wasiojua kusoma aliwakalisha karibu yake. Kidole chake kinene, kilichopinda kwenye kiungo, kilitembea chini ya maneno, na sauti yake ikashindana na injini.

Jana nilimpa shikamoo yake, nikamwomba kitabu. Alikifungua, akakuta tiketi, akakifunga. "Hiki kina mtu." Nikaomba kingine. "Hicho nacho kina mtu." Cha tatu alikivuta kabisa kifuani: kilikuwa cha Kija, muuza dagaa aliyejifunza kusoma mikononi mwake, hukohuko majini.

"Lakini mama, Kija siku hizi anapita na basi," nikasema, nikimwonyesha daraja. "Dakika tano tu, yuko Busisi."

Hakugeuka kutazama. "Najua, mwanangu. Jumatatu alinipungia mkono dirishani." Akaisawazisha ile tiketi kwa kidole chake kilichopinda. "Alibakiza kurasa nne."